Sandford Fleming, mzee aliyetaka dunia nzima iwe na saa moja

Fungua telefone yako hapa Kolwezi, uingie kwenye mipangilio ya tarehe na saa. Utakuta jina la mji limeandikwa pale: Lubumbashi. Kolwezi yenyewe hautaiona, hata ukitafuta mpaka betri iishe. Likasi haimo, Fungurume haimo, Dilolo haimo. Kwa nchi yetu nzima, na ukubwa wake wote, kuna majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Na telefone ikikosea ikashika Kinshasa, mwenyewe ataamka akifikiri bado mapema, kumbe basi ya ekipi ya asubuhi imeshapita na kiti chake kimebaki wazi.

Nani aligawa saa za dunia namna hii? Hakuna mtu aliyefanya kazi hiyo peke yake. Lakini kuna mzee mmoja ambaye jina lake linatajwa kuliko ya wengine, na maisha yake yanafaa kusomwa na watu wa reli na wa shaba kama sisi. Aliitwa Sandford Fleming. Wengi wanamwita baba wa saa za dunia. Tutaona kama jina hilo linamfaa.

Fleming alizaliwa tarehe 7 Januari 1827 huko Kirkcaldy, mji wa pwani katika nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mtu wa mbao. Kijana alipofika miaka 14 walimweka chini ya fundi mpima-ardhi, na pale njo alijifunza kazi iliyomlisha maisha yote: kuchora, kupima, kuhesabu. Mwaka 1845, akiwa na miaka 18, alipanda meli pamoja na kaka yake David wakaenda kutafuta maisha Canada. Hawakuwa na mali. Wasomaji wetu ambao wazazi wao walitoka Kasai, Lomami au Rwanda kuja kazi ya Union Minière wanajua vizuri safari ya namna hiyo: unaondoka na mikono yako, mengine utayakuta mbele.

Canada haikumpokea kwa mikono miwili. Kazi zilikuwa chache, alichora ramani za miji midogo na kuziuza mwenyewe. Mwaka 1849 akapata ruhusa ya serikali ya kuwa mpima-ardhi, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wasomi na wapimaji mjini Toronto, ambacho kipo mpaka leo. Mwaka 1851 alichora tembre ya kwanza ya posta ya Canada. Wengine wengi wakati ule waliweka kichwa cha malkia au mfalme. Yeye akaweka kastori, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kujenga ukuta wa maji. Mnyama mfanyakazi kwenye tembre ya serikali! Hatuwezi kuficha kwamba jambo hilo linatufurahisha.

Kisha reli. Fleming aliingia kazi ya reli akiwa kijana, na mpaka mwaka 1871 alikuwa enjeniere mkubwa wa reli mbili kwa mara moja: ile ya Intercolonial, upande wa mashariki, na ile kubwa ya Canadian Pacific iliyopaswa kuvuka bara lote mpaka bahari ya pili. Mwaka 1872 yeye mwenyewe alisafiri njia hiyo kutoka bahari mpaka bahari, kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa miguu. Kwenye Intercolonial aligombana na bakubwa juu ya madaraja. Wao walitaka ya mbao juu ni rahisi. Yeye alisema chuma, na akashika neno lake mpaka wakakubali. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1876.

Mtu anayejenga reli ndefu hivyo lazima akutane na tatizo la saa. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake. Jua likisimama juu ya kichwa, basi ni saa sita ya mchana, na fundi wa saa anaweka mshale wake. Lakini dunia inazunguka, na jua halifiki miji yote pamoja. Dunia inamaliza mzunguko wa digrii 360 kwa saa 24, maana yake kila saa ni digrii 15, na kila digrii moja ni dakika 4.

Tuhesabu kwa reli yetu wenyewe. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni digrii 2 hivi kuelekea magharibi: jua la mchana linafika Kolwezi dakika 8 nyuma ya Lubumbashi. Likasi iko katikati, dakika 3 nyuma ya Lubumbashi. Dilolo iko dakika 12 hivi nyuma ya Kolwezi. Kama tungefuata jua tu, machinisti anayetoka Lubumbashi kwenda Dilolo angebadilisha saa yake kila kituo, na gari mbili zinazokutana kwenye reli moja zingegongana juu ya dakika 3. Kule Canada ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya Montreal na Toronto kulikuwa tofauti ya dakika karibu 23, kati ya Toronto na Halifax zaidi ya saa nzima. Kila sosiete ya reli ilishika saa yake, na kwenye vituo vikubwa walitundika saa mbili au tatu ukutani. Abiria asome ipi?

Mwaka 1876 Fleming alikuwa Ireland. Alifika kwenye kituo kidogo karibu na Bundoran kungoja gari ya 17h35, jinsi ilivyoandikwa kwenye kitabu cha safari. Gari haikuja. Kitabu kilikosea herufi moja: gari ilikuwa ya 5h35 asubuhi, si ya jioni. Enjeniere mkubwa wa reli mbili, mtu wa miaka karibu 50, akalala kituoni kama mtu aliyekosa nauli. Kwa hasira hiyo akaanza kuandika. Shauri la kwanza lilikuwa jepesi: tuache kuhesabu saa 12 mara mbili, tuhesabu mpaka 24. Sisi tunaofanya kazi kwa ekipi za 6h, 14h na 22h hatuoni ajabu hapo. Lakini nchi ya Uingereza yote na Amerika yote walikuwa (na watu wao wengi bado wako) kwenye hesabu ya asubuhi na jioni.

Shauri la pili lilikuwa kubwa. Mwaka 1879 alisomea chama chake cha Toronto maandishi ambayo yalizunguka dunia. Alitaka saa moja kwa dunia yote. Fikiria saa kubwa imewekwa katikati kabisa ya ardhi, haina mji, haina nchi, haina mfalme. Ikipiga, inapiga kwa wote: Toronto, Paris, Zanzibar. Dunia aliigawa vipande 24 vya digrii 15, na kila kipande akakipa herufi ya alfabeti. Watu wangeweza kushika saa ya nyumbani kwa mambo ya nyumbani. Lakini kwa reli, kwa telegrafu na kwa serikali, saa ingekuwa ileile moja. Tena alichora saa ya mfukoni yenye herufi upande mmoja na tarakimu upande mwingine.

Wengi walimkataa. Wanajimu wakubwa wa Uingereza waliona ni mambo ya mtu wa reli anayejiingiza mu kazi ya watu. Na nyumbani mambo yalimharibikia pia. Reli ya Canadian Pacific ilichelewa, franga zilipita mpango, na mwaka 1880 serikali ikamwondoa kwenye kazi ya uenjeniere mkubwa. Mwaka huohuo alifanywa mkubwa wa heshima wa chuo kikuu cha Queen's mjini Kingston, cheo alichokaa nacho mpaka kufa. Heshima ni nzuri, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa imekwenda.

Jumapili tarehe 18 Novemba 1883, reli za Marekani na Canada zilibadilisha saa kwa siku moja. Hapo lazima tuseme ukweli. Mpango uliotumika siku ile ulitengenezwa na William Allen, katibu wa sosiete za reli za Marekani, si na Fleming. Allen hakutaka saa ya katikati ya ardhi wala herufi. Alitaka gari zifike. Akagawa nchi kwa vipande, kila kipande saa moja nzima tofauti na jirani, na mipaka ikapita pale reli zilipokutana. Kwa mtu wa Toronto, saa mpya ilikuwa mbele ya jua kwa dakika karibu 18. Hiyo njo hali yetu hapa Kolwezi leo: saa yetu ni ya mstari wa digrii 30 mashariki, na sisi tuko digrii 25 na nusu, basi jua linasimama juu yetu kwa wastani 12h18. Anayefikiri kivuli chake kinachelewa, hakikosei kivuli.

Oktoba 1884 serikali 25 zilikutana Washington kuchagua mstari wa kwanza wa dunia, ule wa sifuri. Fleming alikuwepo, amekaa upande wa Waingereza kwa ajili ya Canada. Aliogopa kwamba kila nchi itataka mstari upite kwake, ndiyo sababu alipendekeza mstari wa upande wa pili wa dunia, unaopita katikati ya bahari ya Pasifiki, ambako hakuna mtu wa kujisifu. Hawakumsikia. Nchi 22 zilichagua Greenwich, pembeni ya London, kwa sababu meli nyingi zilishatumia ramani za Waingereza. Nchi moja ilikataa, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Wafaransa walishika saa ya Paris mpaka mwaka 1911, na hata siku ile sheria yao ilisema tu kwamba saa ya Paris inarudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21, bila kutaja Greenwich hata kidogo.

Mkutano wa Washington ulifungwa tarehe 1 Novemba 1884. Tarehe 15 Novemba, siku 14 baadaye, ukafunguliwa mkutano mwingine, wa Berlin, ule wa kugawana Afrika. Wasomaji wetu wa Berlin wanaijua, wamefundishwa shuleni, lakini ya Washington haitajwi. Hata hivyo yote miwili ilichora mistari juu yetu. Kule Washington kutoka Afrika iliitwa Liberia tu, na aliyekaa kwa jina lake alikuwa Mmarekani. Katika majuma hayo hapa kwetu Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, na watu walichimba na kuyeyusha shaba yao bila kumwuliza mtu wa Greenwich saa ngapi.

Picha ya Fleming inayojulikana kuliko zote ni ya tarehe 7 Novemba 1885. Reli ya Canadian Pacific imemalizika milimani, mahali panaitwa Craigellachie, na tajiri mmoja mwenye ndevu anapiga msumari wa mwisho. Nyuma yake amesimama mzee mrefu, kofia ndefu nyeusi, ndevu nyeupe pana kama shuka. Huyo njo Fleming. Walimfukuza, lakini walimwita kwenye picha. Waliojenga milima ile, Wachina maelfu, waliokufa kwa baruti, kwa mawe na kwa baridi, kwenye picha hawamo. Wala wenyeji ambao ardhi yao ilikatwa na reli. Watu wa mine mnajua picha za namna hiyo.

Miaka iliyofuata aliitumia kwa jambo lingine: kebo ya telegrafu chini ya bahari ya Pasifiki, kutoka Canada mpaka Australia na New Zealand. Aliandika barua, aliomba, alibishana na mawaziri zaidi ya miaka 20. Mwaka 1897 malkia alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1902 kebo ikafika. Ndani ya kebo, kinachobeba neno ni waya wa shaba, na bila shaba habari zisingevuka bahari ile. Katanga wakati huo ilikuwa haijauza hata kilo moja kwa njia ya reli. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville kutoka kusini mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa pale mwaka 1911.

Sandford Fleming alikufa tarehe 22 Julai 1915 mjini Halifax, akiwa na miaka 88. Mpaka siku ile dunia haikuwa imekubali saa yake moja. Ilikuwa imekubali vipande, tena vipande vyenye mipaka ya kupinda, kila serikali ikichora inavyotaka. Kongo imekatwa kati: magharibi saa moja mbele ya Greenwich, mashariki na kusini saa mbili. Kwa jua, Kolwezi na Kinshasa zimeachana dakika 41 tu. Kwa saa ya serikali ni dakika 60. Saa yetu ni ileile ya Lusaka na Harare, upande ambako reli ya kwanza ilitokea.

Sasa turudi kwa lile jina la Lubumbashi mu telefone. Linatoka kwenye orodha iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1980 na watu wa ordinatere waliojitolea, bila malipo. Leo karibu telefone zote za dunia na mashini nyingi zinaisoma. Kwa kawaida jina lina bara na mji, katikati kistari cha mshazari: Africa/Lubumbashi. Waliacha majina ya nchi juu nchi zinabadilika, na sisi ni ushahidi: mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1955 ameishi Kongo ya Wabelgiji, Kongo, Zaire, kisha Kongo tena bila kuhama nyumba. Sheria yao ni kuchukua mji wenye watu wengi katika eneo lenye saa moja. Ndiyo maana ni Lubumbashi. Kolwezi kuwa mji mkuu wa Lualaba tangu 2015 hakubadilishi kitu, maana orodha haifuati majimbo. Inafuata saa.

Na kuna jambo lingine ambalo wachache wanalijua. Siku hizi ndani ya orodha hiyo Lubumbashi ni mlango tu. Ukiufungua unakuta umeandikwa uende Maputo, mji wa Msumbiji. Lusaka, Harare, Kigali na Bujumbura vilevile, zote zinapelekwa Maputo, kwa sababu tangu mwaka 1970 saa zao zimekuwa moja. Kinshasa inapelekwa Lagos. Historia ya Lubumbashi yenyewe, pamoja na ile saa yake ya jua ya zamani, saa 1, dakika 49 na sekunde 52 mbele ya Greenwich, imewekwa kwenye faili ya pembeni. Wengine hawakufurahi, na tunawaelewa. Jina limebaki usoni, hesabu inatoka kwa jirani.

Chini kabisa, mashini haijui Lubumbashi wala Maputo. Inahesabu sekunde tu, tangu usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich. Hesabu hiyo ni moja kwa dunia yote. Ukimtumia ndugu yako wa Kinshasa ujumbe saa 20h, telefone yako na yake zinaandika sekunde ileile; kwake inaonekana 19h kwa sababu ya jina la mji tu. Ile saa ya katikati ya ardhi, isiyo na mji wala mfalme, njo hiyo. Walichomkatalia mzee Fleming kimo ndani ya mfuko wa suruali yako, ila mstari wake wa sifuri ni wa Greenwich, si wa Pasifiki.

Jambo hili linagusa mshahara pia. Mashini ya pwantaji nayo inaweka sekunde, kisha inazivalisha jina la mji. Likiwekwa la Kinshasa, mtu aliyepitisha beji Jumatatu 0h30 anaandikwa Jumapili 23h30. Siku imebadilika, na kama ni mwisho wa mwezi, mwezi umebadilika. Wakirekebisha jina hilo katikati ya zamu, kwenye karatasi saa moja inazidi au inapungua. Mkiona saa za karatasi hazilingani na saa mlizofanya, msibishane na mashini juu ya dakika. Ombeni muonyeshwe jina la mji lililowekwa ndani yake.

Na kwa wanaosafiri: kupita Kasumbalesa hakubadilishi saa, Zambia ni yetu moja. Lakini Angola inashika saa ya Kinshasa. Gari ya shaba ikitoka Dilolo kuingia Luau, kwenye njia ya Lobito, saa inarudi nyuma moja. Karatasi za mzigo zisizotaja ni saa ya wapi zinaweza kuonyesha kwamba gari imefika kabla ya kuondoka.